Kamani Hufia Ukingoni

Leo tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu tumekivaa mkononi au kukitundika ukutani miaka mingi bila kukiona hata siku moja: kamani ya saa. Ni ule ukanda mwembamba wa feleji uliokunjwa ndani ya kikopo cha shaba ya njano. Ukitia saa ufunguo, ukanda hujibana. Ukiiacha saa iende zake, ukanda hujifungua polepole mpaka kesho yake. Lakini hata kamani yenyewe sitaizungumzia yote. Nitabaki pembeni, kwenye kingo zake mbili. Katika saa ya mkono kingo hizo zina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hivi, na bado kuna watu waliokaa wakabuni mashine nzima, yenye magurudumu, mikanda na mafuta, kazi yake ikiwa ni kuzisaga kingo hizo na kuzitoa pembe ziwe mviringo.

Utasema hawa watu walikosa kazi. Subiri kwanza.

Kamani ikikatika, mwenye saa husikia mlio mmoja mkavu, halafu taji la saa linazunguka bure bila ukinzani. Fundi akifungua kikopo hukuta vipande viwili, au kumi na viwili. Wapo watu waliokuwa wakiamini kwamba kamani hukatika kwa radi, au usiku wa joto kali, kwa sababu asubuhi waliikuta saa imekufa na hakuna aliyeigusa. Ukiuchunguza mkato kwa kioo cha fundi, mara nyingi kisa huanza pembeni: mkwaruzo ukingoni, au kidonda cha kutu, au kipande cha chuma kilichochanika siku ukanda ulipokatwa kiwandani. Ufa ukaanzia hapo, ukaingia ndani kidogo kidogo kila saa ilipotiwa ufunguo, hadi siku moja chuma kilichobaki kizima kikashindwa.

Zamani, hata hivyo, ukingo haukuwa tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza lilikuwa chuma chenyewe, na aliyelitatua alikuwa fundi saa. Benjamin Huntsman alizaliwa Uingereza mwaka 1704, mahali panapoitwa Epworth, akafungua kazi yake ya saa mjini Doncaster. Feleji ya siku zile ilitengenezwa kwa kufukia mapande ya chuma ndani ya makaa na kuyapasha moto siku nyingi mfululizo, mpaka kaboni iingie kutoka nje kwenda ndani. Matokeo yake yalikuwa pande lenye ngozi ngumu na moyo laini, na katikati yake michirizi ya taka za tanuri. Ukitengeneza kisu kwa feleji hiyo, unaweza kuridhika. Ukitengeneza kamani, yaani ukanda mrefu ambao kila sehemu yake lazima ijikunje sawa na jirani yake, utapata mahali pagumu panapokatika na mahali laini panapolegea.

Huntsman hakuwa mfua vyuma, lakini alichoka kulaumiwa kwa makosa ya chuma cha mtu mwingine. Akahamia Handsworth, karibu na Sheffield, na kwenye miaka ya 1740 akafanikiwa kuiyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, kwa moto wa nyuzi 1,600 hivi, mpaka ikawa uji. Ikishakuwa uji, taka huelea juu zikaondolewa, na kaboni ikatapakaa sawa kila mahali. Kuiyeyusha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kupata udongo wa vyungu unaoweza kuhimili moto ule bila kupasuka. Watengeneza visu wa Sheffield waliikataa, wakidai ni ngumu mno kufulika. Akawauzia Wafaransa. Visu vya Ufaransa vilipoanza kuingia Uingereza na kupendwa, wale wale waliokataa wakabisha hodi. Napenda sana kisa hiki, na si kwa sababu ya ushindi wa mwisho. Ni kwa sababu ile feleji iliyoupa mji wa Sheffield jina lake duniani ilitoka katika hasira ya mtu aliyekuwa anatafuta kamani isiyokatika.

Haya. Chuma kimekuwa kizuri ndani. Udhaifu ukahamia nje.

Ukanda wa kamani hukatwa kutoka kwenye bamba pana la feleji lililokandamizwa likawa jembamba. Visu viwili vya duara huzunguka vikipishana, bamba linapita katikati, kanda zinatoka upande wa pili. Kata bati la kuezekea kwa mkasi, kisha pitisha kidole pembeni. Au usipitishe, utajikata. Upande mmoja wa mkato bati limejikunja kidogo. Upande wa pili umejitokeza utepe mkali wa chuma kilichoraruka. Feleji hufanya vivyo hivyo. Mkasi hukata sehemu ya unene tu, sehemu iliyobaki huchanika, na pale palipochanika panabaki nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho.

Sasa ikunje kamani hiyo. Uso wa nje unavutwa, uso wa ndani unabanwa, na katikati ya unene panakaa salama. Kwa hiyo taabu yote iko kwenye ngozi, na kwenye pembe ndipo ngozi ilipo mbovu kuliko popote. Isitoshe, kingo za kamani ndizo zinazogusa sakafu na kifuniko cha kikopo inapojifungua. Ukingo mkali hukwangua shaba, unga wa shaba huchanganyika na mafuta, na mafuta yakishakuwa tope saa huanza kupoteza nguvu hata kama kamani ni nzima. Mwenye saa atalalamika kwamba inachelewa. Fundi asiyejali atagusa wenzo wa kurekebishia mwendo, ausogeze mbele kidogo, apokee pesa yake.

Dawa ya mambo yote mawili ni moja, na ndiyo kazi ya mashine yetu. Kwa kifupi inafanya hivi. Ukanda umeviringishwa kwenye gurudumu kubwa upande wa kushoto, unavutwa kwenda gurudumu jingine upande wa kulia. Njiani unapita ndani ya mfereji wa chuma kigumu unaouzuia usiyumbe, maana ukanda mwembamba ukisukumwa kwa ubavu wake hupinda mara moja. Ndani ya mfereji huo ukingo unajitokeza kidogo tu, kiasi cha kuguswa na jiwe. Jiwe la kwanza huusawazisha, ili upana wa ukanda uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mawe yanayofuata yamewekwa kwa mshazari: moja linakula pembe ya juu, jingine pembe ya chini, na mengine yanamalizia katikati, mpaka ukingo uliokuwa na pembe mbili kali uwe kama nusu duara. Kuna namna nyingine ya jiwe moja lililochongwa mfereji wa mviringo, ukanda ukapita humo na kutoka umeviringika. Ni rahisi kuieleza, lakini jiwe hulika, mfereji hupoteza umbo lake, na mwendesha mashine hushinda akilichonga upya.

Mwisho hupita msasa laini au ngozi iliyopakwa unga wa kung'arishia. Wengi huiona hatua hii kuwa urembo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Jiwe linapokwangua huacha mistari. Mistari ikienda sambamba na urefu wa ukanda, haina madhara makubwa. Ikikatisha ukanda, kutoka uso mmoja kwenda wa pili, kila mstari ni mwanzo wa ufa uliochorwa tayari. Ndiyo maana mwelekeo wa jiwe ni jambo la kufa na kupona katika kazi hii, na ndiyo maana unapomalizia unamalizia kwa urefu.

Halafu kuna moto. Feleji ya kamani imekwisha kutiwa maji, yaani imepashwa moto ikawa nyekundu, ikazamishwa ghafla ndani ya mafuta, kisha ikapashwa tena kwa kiasi ili ipunguze ukali wake na kuwa nyumbufu. Kiasi hicho mafundi wa zamani walikisoma kwa rangi: kwenye nyuzi 230 hivi chuma kilichosuguliwa hugeuka manjano ya majani makavu, kwenye 280 huwa zambarau, na kwenye 300 huwa buluu. Kamani nyingi za saa za ukutani ni za buluu kwa sababu hiyo. Jiwe la kusagia likibana mno bila mafuta wala maji ya kupooza, ukingo hupita rangi ya buluu na kuingia kijivu, nao umelegea. Likibana zaidi ya hapo, ngozi huwaka nyekundu kwa nukta moja na kupoa ghafla, ikawa ngumu na yenye nyufa kama kioo kilichomwagiwa maji ya moto. Mashine iliyoletwa kuokoa ukingo imeuua. Kwa hiyo mtu aliyesimama pale hubana kidogo, hupitisha mara nyingi, na humwaga mafuta bila uchoyo.

Swali la haki ni hili: wakati wanafanya hivyo walijua kwa nini? Mafundi wa mkono walijua kwa mazoea. Walikuwa wakipitisha tupa pembeni kabla hata ya mashine kuwapo. Sababu ilikuja kueleweka kwa njia ya msiba, na msiba wenyewe haukuhusu saa. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyojaa watu ilikuwa inatoka Versailles kurudi Paris. Karibu na Meudon, ekseli ya injini ikakatika. Mabehewa yakapandiana, moto ukawaka, milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Siku zile wengi waliamini kwamba chuma kinachotikiswa muda mrefu hubadilika ndani yake na kuwa cha chembechembe. Kijana wa Kiskoti, William Rankine, alizichunguza ekseli zilizokatika na mwaka 1843 akaeleza mbele ya wahandisi wa London kwamba chuma cha ndani kilikuwa vile vile. Ufa ulianza nje, pale ekseli nene inapokutana na sehemu nyembamba kwa kona kali, ukaingia ndani kuizunguka yote. Ushauri wake ulikuwa kona hiyo ipewe mviringo.

Baadaye August Wöhler wa reli za Prussia akatumia miaka mingi kuzungusha vyuma chini ya mzigo mpaka vikatike, akathibitisha kwamba mzigo mdogo, ambao ukiwekwa mara moja chuma hakishtuki, unaweza kukikata ukirudiwa mara za kutosha. Leo hali hiyo tunaiita uchovu wa chuma. Saa inayotiwa ufunguo kila siku inaikunja kamani yake mara 365 kwa mwaka, na si kidogo.

Wakati Wöhler anafanya majaribio yake, kule Marekani saa zilikuwa zimeanza kutengenezwa viwandani. Kiwanda cha Waltham, jimbo la Massachusetts, kilihamia kando ya mto Charles mwaka 1854, na shabaha yake ilikuwa vipuri vinavyofanana, vitoke kwenye mashine bila kuhitaji mkono wa bingwa. Lakini kamani ziliendelea kukatika, na kamani kubwa ikikatika haifi kimyakimya. Kikopo hurushwa kinyumenyume kwa kishindo, na meno ya magurudumu yanayofuata hung'oka. Mwaka 1865 Charles Fogg wa Waltham akapata hataza ya kigurudumu kidogo kilichofungwa kwa hesi kwenye ekseli yake: nguvu ikija kwa njia yake ya kawaida, kinakaza, ikija kinyume, kinajifungua chenyewe na kishindo kinapotea bila kuvunja kitu. Saa nyingi za Waltham za wakati ule zimechorwa jina la Fogg ndani yake. Ubunifu mzuri, lakini tuuite kwa jina lake: ni kukiri kwamba kamani itakatika tu, basi tuokoe meno. Msaga kingo ana msimamo tofauti, na mimi niko upande wake.

Kuna hesabu moja inayofaa kusemwa hapa, kwa sababu inaeleza kwa nini wanasaga pembeni bila woga. Nguvu ya kamani inafuata upana wake moja kwa moja: ukipunguza upana kidogo, nguvu inapungua kidogo. Unene ni hadithi nyingine. Ukiongeza unene maradufu, nguvu inakuwa mara nane. Kwa hiyo kukwangua uso wa kamani ni kucheza na moto, ilhali kukwangua ukingo ni bei ndogo unayolipa kwa maisha marefu.

Katikati ya karne ya 20 chuma kikabadilika tena, na safari hii habari inagusa kwetu. Kampuni ya Elgin ya Illinois ilitoa kamani ya aloi mpya isiyoshika kutu, ambayo sehemu yake kubwa kuliko nyingine, asilimia 40 hivi, ilikuwa kobalti. Waswisi nao wakatoa ya kwao, Nivaflex, yenye kobalti nyingi vile vile. Katika miaka hiyo kobalti nyingi ya dunia ilichimbwa Katanga, huko Kongo, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote. Wasikilizaji wetu wa Kolwezi na Likasi, ninyi mnasikia habari za kobalti kila siku kwa sababu ya betri za simu na magari. Babu zenu walikuwa wakiichimba kabla simu hizo hazijafikiriwa, na dunia iliitia hata kwenye saa za mkono.

Kwa watu wa pwani aloi hizo zilikuwa rehema. Hewa ya Mombasa na Unguja ina chumvi, na kidonda cha kutu kwenye kamani ya feleji hufanya kazi ile ile ya pembe kali: kinaupa ufa mahali pa kuanzia.

Na ukingo? Viwanda vikapata ujanja wa kuikwepa mashine ya kusaga. Badala ya kukata ukanda kutoka kwenye bamba, unachukua waya wa duara, unaupitisha kati ya rola mpaka ulale bapa. Uso unakuwa bapa, na kingo zinabaki za mviringo zenyewe, kwa sababu hakuna aliyezikata. Hakuna mkasi, hakuna kilichoraruka, hakuna jiwe. Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu bora katika habari nzima.

Msidhani basi kwamba mawe yamepumzika. Zile springi za kujizungusha, za vali za injini kwa mfano, lazima zisimame wima, kwa hiyo miisho yake husagwa bapa. Zinapangwa kwenye matundu ya sahani kubwa inayozunguka, zinapita kati ya mawe mawili, zinatoka zikiwa na kikalio. Lakini jiwe lililosawazisha kikalio limeacha pembe kali kukizunguka, kwa hiyo hupitishwa mara nyingine kuondoa pembe hiyo, kipande chake kisije kikameguka ndani ya injini.

Nimalizie barabarani. Springi za lori na daladala, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, ni ndugu wakubwa wa kamani ya saa. Zinakunjwa na kukunjuliwa kwa kila shimo, na mashimo yetu mnayajua. Zikitoka kiwandani, kingo zake tayari zimeviringishwa, na uso wake mara nyingi umepigwa kwa mvua ya vipira vidogo vya chuma ili ngozi ibaki imebanwa na ufa usipate pa kufunguka. Zikichoka kabisa, mafundi wetu wa visu na mapanga wanazigombania, na wanajua wanachokitafuta.

Tatizo liko kabla ya hapo, gereji, pale bapa moja linapokatika na mwenye gari hana pesa ya jipya. Linatafutwa bapa kuukuu refu zaidi, linakatwa kwa gesi, tundu la senta bolti linatobolewa kwa moto, na linafungwa hivyo hivyo na meno yake. Au lile lililokatika linaungwa kwa weldingi. Nawasikia mnaosema gari limetembea. Limetembea, ndiyo, mpaka ufa umalize safari yake, na ufa hauchagui kama ni tambarare au ni mteremko wa Kitonga.

Kwa hiyo ndugu mafundi, nawaomba mambo haya. Msiunge springi kwa weldingi, kwa sababu moto ule unaharibu feleji pande zote mbili za mshono. Mkilazimika kukata bapa, kateni kwa msumeno au jiwe la grainda badala ya gesi, bila kuliunguza mpaka libadilike rangi. Tundu litobolewe kwa keekee, na mdomo wake utolewe pembe juu na chini. Kisha chukueni tupa mpitie kingo zote, kwa urefu wa bapa, mpaka kidole kipite bila kukwama. Na wewe mwenye gari, kabla hujalipa, inama chini ya gari lako upitishe kidole hicho mwenyewe.